Siku Tonton Alipoezua Mawe ya Papa

Juzi nilishuka tramu vituo viwili kabla ya kazini, kwa sababu ya harufu tu. Sikutaka kuchelewa, nawaambia ukweli, maana bosi wangu wa saluni anaangalia saa kuliko anavyoangalia nywele. Lakini mlango ulifunguka na ile harufu ikaingia: masizi ya makaa ya zamani, vumbi lililolala gizani miaka na miaka halafu likaamshwa kwa nyundo, mbao zenye unyevu, na juu ya yote baridi, ile baridi yenye harufu ya chuma. Kabla sijatazama juu nilishajua wanaezua paa. Wanaume watatu walikuwa juu ya nyumba nyembamba, wanang'oa vigae vya mawe na kuvitupa ndani ya kontena barabarani, na kila kigae kilipopasuka mabega yangu yalipanda yenyewe mpaka masikioni. Mama mmoja mwenye mbwa akaniuliza kama niko sawa. Nikamwambia niko sawa kabisa, nikacheka. Mimi ni mtu wa kucheka, wanaonijua wanajua. Lakini nilisimama pale mpaka vidole vya miguu vikafa ganzi.

Nyumba yetu sisi ilikuwa Schaerbeek, mtaa wa huku ughaibuni, ndefu na nyembamba, kama mtu aliyebanwa katikati ya watu wawili wanene ndani ya basi. Papa aliinunua ikiwa imezeeka tayari. Chini alikaa mpangaji wetu, Maman Zuhura wa Tanga, na hiki Kiswahili changu cha kuandika nimekiokota jikoni kwake, maana cha kwetu Lubumbashi alikuwa akikisikia anashika kichwa. Katikati walilala Papa na Maman. Juu kabisa, chini ya paa lenyewe, tulilala mimi na mdogo wangu Trésor, na kati ya pua zetu na mbingu kulikuwa na mbao, na juu ya mbao yale mawe. Vigae vyeusi vya jiwe, vyembamba kama daftari, vimepangwa kimoja juu ya kingine. Nilimwambia Trésor tunalala ndani ya tumbo la samaki mkubwa na hayo ni magamba yake. Nilikuwa na miaka tisa, kichwa kimejaa mambo.

Shida ya samaki wetu ni kwamba alikuwa anaoza. Kila baridi kali ikija, misumari ya zamani ilikatika, na kigae kikaanza kuteleza. Ninyi mliokua chini ya paa kama lile mnajua. Kwanza unasikia kitu kinakwaruza juu ya kichwa chako, polepole, kama kucha ya mtu. Halafu kimya. Halafu chini uani kinapasuka kwa kishindo kinachokurusha kitandani. Mimi sikuogopa kishindo. Niliogopa ule ukimya wa katikati, kwa sababu ndani yake jiwe lilikuwa hewani na hujui linakwenda kwa nani.

Mvua ikaingia kupitia matundu. Tulikuwa na mabeseni matatu, na asubuhi za baridi kali maji ndani yake yalikuwa na ngozi ya barafu. Trésor alikohoa mpaka midomo ikabadilika rangi. Papa, akirudi safari, kwa sababu aliendesha lori la mizigo kwenda nchi za mbali, alipanda na kopo la lami, akapaka hapa, akapaka pale, akashuka na mikono myeusi akisema imekwisha. Haikuwa imekwisha.

Tonton, mdogo wake Papa wa tumbo moja, alikuwa fundi wa mapaa. Alisema mara mia kwamba yale mawe yang'olewe yote, iwekwe tôle, mabati mazuri ya chuma yenye rangi nyeusi, siku tatu kazi imeisha, watoto walale pakavu. Na mara mia Papa alikataa. Hakukataa kwa sababu ya urembo. Alikataa kwa sababu ya kitu alichokiona Lubumbashi akiwa mtoto. Baba yao alipokufa, kilio hakijaisha hata, baba zao wadogo walikuja na nyundo na mtaimbo. Walipanda juu ya nyumba wakabandua mabati moja moja, wakayafunga juu ya mkokoteni na kuondoka nayo, kwa sababu yalikuwa mali ya ndugu yao, walisema, na ya mke hapana. Nyumba ikabaki kuta nne na mjane katikati. Ulikuwa msimu wa mvua. Ndiyo maana Papa, alipopata nguvu ya kununua nyumba, alinunua paa kwanza. Aliwaambia wageni wote: hakuna ndugu duniani anaweza kubeba mawe elfu tatu kwenye mkokoteni.

Jumapili moja walifika mwisho. Tulikuwa mezani, bukari, ndiyo ugali wetu, na samaki, Tonton anakula huku anatania kama kawaida yake.

"Yaya, huku haiko Katuba," akamwambia Papa; yaya kwetu ndiyo kaka mkubwa, na Katuba ndiyo mtaa wao wa Lubumbashi. "Nani atapanda Schaerbeek na échelle juu ya kuiba toiture? Madame wa commune?"

Maman alicheka kidogo, akimwona yule mama wa ofisi ya mtaa juu ya ngazi anaiba paa. Papa hakucheka. Akamwambia Tonton kwamba yeye siku ile alikuwa mgongoni mwa mama yao, amefungwa na kitambaa, hakuona kitu, basi anyamaze. Tonton akafuta mikono, akasema bon, donc kwa sababu wewe uliona, hawa watoto wafe na baridi? Hapo Papa akapiga meza. Alipiga kwa ngumi na sahani ikaruka, ikapasuka ukutani, kipande kikamkata Maman kwenye kidevu. Damu ikadondokea bukari nyeupe. Papa hakuiona hata. Alikuwa amesimama, ananyoosha kidole kwa mdogo wake, na sauti yake ilikuwa chini sana.

"Siku mutaona manjanja kwa hii nyumba," akasema, "mujue mie nilisha kufwa."

Manjanja ndiyo mabati, kwa Kiswahili cha kwetu. Mimi nililiweka lile neno ndani kama mtu anavyoweka ufunguo. Watu wazima wanasema vitu vingi kwa hasira na wenzao wanajua vya kutupa na vya kushika. Mtoto anashika vyote.

Wiki ile ile jiwe lilimchagua Trésor. Alikuwa uani amepiga magoti na kigari chake. Nilisikia mkwaruzo juu, nikasikia kimya. Kigae kilishuka wima kama shoka. Kilikata kofia ya koti lake nyuma ya shingo, kikazama ndani ya chungu cha maua mpaka nusu. Trésor aligeuka kuniangalia. Kwenye shingo yake kulikuwa na mstari mwekundu, mwembamba kama uzi, na kofia inaning'inia. Maman alitoka, akaona, hakulia. Alichomoa lile jiwe kwenye udongo na kuanza kulipiga ukutani, akalipiga, akalipiga mpaka likawa vipande, mpaka vipande vikawa unga, na Maman Zuhura akaja kumshika kwa nyuma. Papa aliporudi aliambiwa. Akapanda na kopo lake la lami, akapaka, Jumatatu alfajiri akaondoka na lori kwenda Poland.

Tangu siku ile simu yake haikupatikana. Sisi tuliambiwa yuko mbali, hakuna réseau, mtandao haufiki. Lakini Jumanne nilimkuta Maman kwenye ngazi anaongea na simu kwa kunong'ona, na alikuwa anampigia Tonton, na nilisikia hivi tu: "Batoto basijue. Nitabaambia miye mwenyewe kisha." Aliponiona akakata simu, akanikumbatia bila sababu. Alikuwa ananuka vitunguu na machozi.

Jumatano shule inaisha saa sita mchana. Nilimshika Trésor mkono tukarudi, na tulisikia kabla ya kuona. Mtaa mzima ulikuwa unapigwa. Kwenye kona nikaona wingu la vumbi jeusi juu ya nyumba yetu, na ndani ya wingu wanaume watatu wanapiga, wanachokoa na mtaimbo, wanararua. Mawe yalikuwa yanaanguka kwenye kontena kwa mafungu, yanalia kama sahani za karamu nzima zinazovunjwa kwa makusudi. Aliyekuwa juu kabisa, miguu imetanuka, nyundo mkononi, alikuwa Tonton. Na kwenye korido, yameegemezwa ukutani, yamefungwa na kamba: manjanja. Marefu, meusi, mapya.

Nikaingia jikoni. Maman alikuwa anasonga bukari kwenye sufuria kubwa, ile ya Maman Zuhura inayotoka siku za kilio tu. Maman Zuhura mwenyewe alikuwa anabeba viti vya kuazima kutoka kwa jirani. Hawakuwa wanaongea. Sasa najua walikuwa wanapika chakula cha mafundi, na viti ni vya mafundi kukalia, na kimya chao ni cha wanawake wawili wanaofanya jambo nyuma ya mgongo wa mwanamume. Siku ile nilisoma kitu kingine, na nilikisoma vizuri sana, hakuna herufi iliyobaki. Papa amekufa. Wanatuficha. Na mdogo wake hajangoja hata kilio kiishe.

Sikuuliza. Mtoto wa kwetu haulizi habari ya kifo mpaka aambiwe. Nilimwacha Trésor na Maman nikapanda ngazi zote mpaka chumbani kwetu, na chumba hakikuwepo tena. Vitanda vilikuwepo, vimefunikwa na plastiki. Juu yake palikuwa na mbavu za mbao, na katikati ya mbavu mbingu, kijivu, karibu, na upepo unaingia ndani na kupindua madaftari yangu. Vumbi lilinijaa mdomoni. Kigae kimoja kilichovunjika kilikuwa juu ya mto wangu, na upande uliovunjika ulikuwa mkali. Nikakichukua.

Tonton akainama kwenye uwazi, uso mweusi kwa masizi, meno meupe. Alikuwa anacheka. Alikuwa ameshika ubao kwa mkono wa kushoto, bila glavu, ili ajivute aingie. "Chouchou," akaniambia, jina lake la kunidekeza, "shuka chini, utaumia."

Nilipanda juu ya kitanda na kumpiga ule mkono. Sikupiga kama mtoto. Nilipiga kwa ukali wa jiwe, kwa uzito wangu wote, mara moja, na nikasikia kitu kinaachia ndani ya vidole vyake. Akapiga kelele, mkono ukafunguka, akaanguka ndani, akavunja ubao mmoja kwa bega, akaanguka kati ya kitanda changu na cha Trésor. Nikamrukia. Nilimpiga kichwani, nikampiga kwenye sikio, damu ikanirukia machoni, na nilikuwa nasema rudisha, rudisha mawe ya Papa, rudisha. Alinishika kwa mkono mmoja na kunibana kifuani mpaka sikuweza kupumua. Moyo wake ulikuwa unagonga mgongo wangu.

"Sikiliza," akasema. "Unaniua juu ya nini?"

Nikamwambia hakungoja. Nikamwambia Papa amekufa na yeye amekuja kubeba nyumba.

Akanigeuza anitazame. Damu ilikuwa inamtiririka shingoni na hakuifuta. "Nani alikuambia Papa yako alikufwa?"

"Papa mwenyewe," nikasema. "Alisema siku tutaona manjanja, tujue."

Tonton alinitazama, mdomo wazi, vumbi linamwangukia kwenye ulimi.

Maman alifika, akaona damu, akanipiga kofi nikaenda mpaka ukutani. Halafu akasikia maneno yangu kutoka kwa Tonton, akanipiga la pili, halafu akakaa chini na kuuficha uso kwenye kitenge chake. Aliniapia Papa ni mzima, Papa yuko Poland. Nikamwambia basi mpigie. Alipiga mbele yangu, mara kumi, na mara kumi sauti ya mwanamke wa mashine ikasema kwa Kifaransa kwamba huyo mtu hapatikani. Kwa hiyo sikumwamini. Mngemwamini ninyi?

Maman Zuhura alimfunga Tonton mkono na kanga aliyoichana kwa meno. "Jamani, huyu binti angezaliwa mwanamume angekuwa mchinjaji," akasema, akakaza fundo. Vidole viwili vya mwisho vya Tonton havikukunjika. Walimwambia aende hospitali. Akakataa, nyumba iko wazi, na theluji ya majimaji ilikuwa imeanza kuingia chumbani na kulowesha magodoro. Vijana wawili aliokuja nao walifanya walichoweza, wakafunga mabati matano, halafu saa kumi wakaondoka, walikuwa na kazi mahali pengine. Tonton akapanda tena peke yake. Nilikaa kwenye ngazi nikimsikia anaburuta bati kwa mkono mmoja, linamponyoka, anatukana, anaanza upya.

Hivyo ndivyo Papa alivyotukuta. Simu yake ilidondoka kutoka kwenye lori ikakanyagwa na tairi lake mwenyewe, ndiyo habari yote. Nilisikia mlango wa chini, nikasikia Maman anasema ngoja, ngoja kwanza, halafu viatu vyake kwenye ngazi, vizito, ngazi mbili mbili. Nilisimama. Alikuwa yeye. Koti lake, masharubu yake, theluji kwenye nyusi. Nilinyoosha mikono na nikaligusa lile koti, lilikuwa baridi na la kweli kabisa, na yeye akanisukuma pembeni kama mtu anavyosukuma mlango. Alikuwa ameyaona mawe yake ndani ya kontena.

Alipanda kupitia uwazi juu ya kitanda changu. Nikamfuata, nikasimama kichwa nje ya mbao. Alimkamata Tonton kwenye ukosi na kumlaza chali juu ya mabati, na mabati yakanguruma mtaa mzima. Akambamiza tena. Yakanguruma tena. Walikuwa wanateleza, miguu ya Tonton ilikuwa inatafuta mahali pa kushika, na nyuma yao mfereji wa mvua, na nyuma ya mfereji hakuna kitu, ghorofa tatu za hewa. Tonton hakurudisha pigo. Papa akaiokota nyundo. Akaiinua.

"Piga, yaya," Tonton akasema. "Mutoto yako alishapiga. Maliza."

Papa akauona ule mkono uliofungwa. Akauliza nani. Nyundo ilikuwa bado juu.

"Mie njo nilimukata, Papa," nikasema, nikikiri ni mimi.

Aligeuka. "Juu ya nini?"

"Juu ulikuwa umekufwa," nikasema. "Na yeye alikuja kubeba nyumba, kama bale ndugu ya baba yako."

Sijui jinsi ya kuandika uso wa Papa wakati ule, shule yangu haikufika huko. Nitasema tu kwamba alinitazama kama mtu aliyeingia chumba anachokijua akamkuta humo mtoto amelala peke yake, miaka yote. Nilikuwa na damu ya mdogo wake kwenye nyusi zangu. Mkono wake ukashuka wenyewe. Akakaa juu ya bati, pwaa, kama mzee, na theluji ikaanza kumkalia mabegani. Tonton naye akajivuta akakaa. Chini, plastiki iliyofunika kitanda changu ikapasuliwa na upepo.

"Weye njo ulilia wa kwanza," Papa akamwambia mdogo wake, polepole. "Siku ile. Maman yetu alikuwa amekubeba. Mvua ilikuangukia ku macho, mie nilikuwa mufupi, nilishindwa kukufunika."

Tonton akapangusa pua kwa kanga yenye damu. Sauti yake ilikuwa kavu. "Basi tufunge, yaya. Inaangukia hawa."

Vile vidole viwili havijakunjika mpaka leo. Tonton akisalimia watu mkono wake unabaki wazi nusu, na wakimuuliza anasema aling'atwa na mbwa wa Schaerbeek, halafu ananikonyeza. Mara nyingi nimetaka kumwomba msamaha kwa maneno, na kila mara ananiwahi na utani. Papa yeye hakutania. Kuanzia siku ile, akikasirika, anatoka nje kwanza. Nimemwona anasimama kwenye baridi bila koti, mdomo umefungwa, akisubiri maneno yapite.

Jioni ile Maman alitaka nilale chini. Nilikataa, na hakuwa na nguvu ya kunipiga tena. Nililala kwenye plastiki, na makofi yake mawili bado yanawaka shavuni, nikitazama juu. Papa hakuwahi kushika ile mashine ya skrubu maishani. Tonton alimwelekeza kwa mdomo, shika hapa, bonyeza, siyo hivyo, unatoboa mawingu, na Papa akatii. Bati moja lilishuka juu ya uwazi, mbingu ikapungua. Halafu jingine. Halafu ikabaki nafasi ndogo ya mkono, nikaona kiatu cha Papa kinapita, na nafasi ikafungwa, giza likawa kamili na upepo ukakoma.

Sikuwaona tena. Niliwasikia tu wakitembea juu yangu, wawili, mmoja mwepesi, mmoja mzito. Nikamfuata yule mzito kwa masikio, kutoka ukuta mpaka ukuta, kila hatua bati linanguruma, na kila liliponguruma nilijua mahali alipo.